Kwa Raya, Anayetoka Watu Wakirudi

Matrah, baada ya adhuhuri

Raya mwanangu,

Salamu nshakupa asubuhi hukuitika, ulikuwa umeinamia sanduku. Salamu hiyo basi iko pale pale inakungoja, na mie nnaingia moja kwa moja kwenye maneno.

Umetoka kwenda kuwaaga majirani, umesema unarudi sasa hivi. Sasa hivi yako nnaijua, ni mpaka kahawa ya nyumba ya mwisho iishe. Sanduku umeliacha wazi katikati ya chumba, nguo zote ulizokunja jana umezitoa ili zipate nafasi karatasi za kuchorea, na kila anayepita analiruka. Baba'ako kaliruka akienda msikitini, kaliruka akirudi, kasema inshallah litafungika. Kwa baba'ako kila kitu ni inshallah, na tangu anioe mtu wa kuihangaikia hiyo inshallah mpaka itimie ni mie.

Sikuandikii kukwambia ule nini wala uvae nini. Hayo Shangazi yako Thuwaiba keshakwambia tangu juzi, kwa Kiarabu, na kila alipoona hukumjibu alikariri kwa sauti kubwa zaidi. Ukifika Kuwait mke wa mjomba wako atakwambia tena. Mie nnakuandikia yale ambayo nikiyasema kwa mdomo unaangalia dirishani.

La kwanza, nimechoka na nimekasirika, na ni kheri ulijue hilo kabla hujapanda ndege, usije ukawahadithia watu huko kuwa mama'ako alikuwa akilia kwa uchungu. Sijalia. Tangu sultani mpya ashike nchi mwaka huu redio haina jengine ila wana wa nchi warudi. Nao wanarudi. Wanatoka Kuwait, wanatoka Bahrein, wanatoka Misri, na wale wenzetu wa Unguja waliokuwa wametawanyika kama mtama uliomwagika nao wanaokotwa mmoja mmoja. Maskati tuliyoikuta ikifungwa milango usiku, mtu akitembea na taa mkononi ili walinzi wamuone, leo milango iko wazi mpaka kukicha. Miaka sita nimeomba jambo hilo. Limekuja. Na mwanangu wa pekee kachagua msimu huu huu kutoka. Kesho uwanjani Bait al-Falaj mtapishana, wao wanashuka weye unapanda. Mungu anipe subira, maana yangu imekwisha.

Nataka nikuhadithie habari ya kazi yangu, kwa sababu unakwenda kusomea kazi inayofanana nayo, japo hupendi nikisema hivyo.

Tulipofika hapa kutoka Unguja bado ulikuwa umevaa viatu vyako vya skuli. Bi Thuwaiba, dada wa baba'ako, hakuwahi kuiona Unguja. Alitoka Ibra akaolewa Matrah, akafiwa na mume, akabaki na nyumba hii nyuma ya soko. Alitupokea vizuri, sitamsingizia. Alitupa chumba chenye upepo. Ila alituona mie nawe tunazungumza Kiswahili akasema nyumba haikai na lugha mbili. Ndiyo maana, ukikumbuka, miezi ile ya mwanzo mie nawe tulikuwa tukizungumza kwenye ngazi. Ngazi haikuwa chumba chake wala chetu.

Unguja nlikuwa mchoraji wa kofia. Wanawake wakiniletea bafta nyeupe, nnawachorea maua kwa penseli, wao wanakwenda kushona vitundu kufuata mstari wangu. Bibi yako, mama'angu, ndiye aliyenifunza. Mtu akipita barabarani na kofia kichwani, wanaojua husema: hii ya Zeyana. Hawakuwa wakiuliza. Nlidhani hilo ni kitu mtu anazaliwa nacho, kama pua. Sikujua kuwa linaweza kubaki bandarini.

Matrah hakuna aliyetaka kuchorewa. Kofia wanavaa, wenyewe wanaita kumma, na tukisema ukweli mkono wetu na mkono wao ni ndugu, lakini ndugu hawa hawapendi kuambiwa wanafanana. Nikaanza kushona nzima mwenyewe. Umeniona. Asubuhi kabla jua halijaipata dari nnakaa juu, likifika nnashuka ngazini, likifika ngazini nnaingia ndani na kusogelea dirisha kama mtu anayechungulia posa. Miezi ya joto jasho la vidole linatia bafta rangi, nnafua, nnaanika, nnaanza tena. Wanawake watatu wa kijiji cha Bustan walinisaidia, nami nlikuwa nikiwaendea kwa mashua kwa sababu njia ya mlimani inakula viatu. Nlikuwa nikifika huko nimeroa, nawakuta wamekosea ua lile lile.

Sasa msikilize Sheikh Muhanna. Mfanyabiashara, nyumba yake unaijua, ile yenye mlango mkubwa kuliko haja ya watu wake. Alitaka kofia ya harusi ya mwanawe mkubwa. Nlitaka kumuonesha mie ni nani. Nlichora maua ya kilua kuzunguka ukanda wote, yamefunguka, kila moja limeelekea upande wake kama yalivyo mtini, na juu nikaweka nyota. Nlishona mpaka kidole kikawa na sugu. Akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, akaishika kwa vidole viwili. Akasema kwa utaratibu kabisa, "Bint Salim, kazi nzuri. Lakini hii ya Zinjibari. Mwanangu si Mzinjibari."

Nlifumua. Nlifumua kila kilua, nikaweka mapambo ya umbo la lozi, yamesimama mstari mmoja kama askari. Akaipenda. Akaniletea na nyingine.

Hapo ndipo ulipoanza ugonjwa wangu, nao sikuujua kwa sababu watu waliusifu.

Bibi yako hakuja Maskati. Alipotoka Unguja alikwenda Mombasa kwa dada yake, akasema joto la Maskati mumewe kalihadithia miaka thalathini na limemtosha. Kwa hivyo mie nikawa na nyumba mbili. Kila ruhusa ya safari ilipopatikana, nlipanda meli. Nikienda nlichukua halua na kofia, nikirudi nlileta bafta, uzi na iliki. Watu wakiniambia una bahati, Bi Zeyana, una pa kwenda na pa kurudi. Ndani ya meli kuchora hakuwezekani, penseli inakwenda inakotaka mawimbi, kwa hivyo nlikuwa nikikaa na mikono mitupu nikihesabu ni nani kakasirika wapi. Nikiwa Mombasa, Bi Thuwaiba anatuma maneno kuwa mtoto anakonda na mumeo anakula halua kwa chakula cha mchana. Nikiwa Matrah, Mama anatuma maneno kuwa atakufa na mie nitakuja kula pilau ya hitima.

Mombasa kulikuwa na Bwana Athman, mwenye duka la nguo Mji wa Kale, aliyekuwa akinunua kofia zangu tangu enzi za Unguja. Nlimpelekea kofia za lozi, zile zilizopendwa Matrah. Kazikagua, kazipanga mezani, kazirudisha kwenye kitambaa. "Bi Zeyana," kasema, "zamani kofia zako zilikuwa zikicheka. Hizi zimenuna. Umezifanya za Kimanga."

Nikenda kwa Mama, nikakaa barazani, nikatoa sindano nikaanza kufumua lozi niweke vilua. Mama alikuwa akichambua mchele. Akaja akainyanyua ile kofia, akaitazama kwenye mwanga. Vitundu vya zamani vilikuwa havijaziba, bafta imekuwa kama chujio.

"Zeyana," kasema, "paka ana roho saba. Bafta haina."

Nikamwambia Mama, wateja ndio wanaotaka hivyo. Kasema wateja wanataka mengi, na mmoja wao juzi alitaka kunioa mie. Akarudi kwenye mchele wake. Mama hakuwa mtu wa mawaidha, Raya; alikuwa mtu wa kuudhika, na mie nimeurithi huo mkono wake kuliko ule wa kuchora.

Kwa hivyo Matrah nlikuwa Mzinjibari, Mombasa nlikuwa Mmanga, na melini nlikuwa mgonjwa wa bahari. Miaka minne nliishi hivyo. Nlivuka na kofia zilizonuna kuzifanya zicheke, nikavuka na zinazocheka kuzifanya zinune. Nlikuwa na kazi nyingi. Hakuna siku nlikaa bure. Na ukiniuliza katika miaka ile nlishona kofia gani ya Zeyana, sina hata moja ya kukuonesha.

Kisha mtu aliyeshuka na meli akaleta habari kuwa Bibi yako hajiwezi. Unakumbuka mwaka ule. Baba'ako akaenda kuomba ruhusa nisafiri. Akaambiwa jibu litatoka Salala, kwa sultani wa zamani mwenyewe. Akaenda tena, jibu halijatoka. Akaenda tena, aliyepokea ombi kenda kwao. Kila akirudi nnamuuliza, naye anasema inshallah kesho, na mie nnashona. Unajua nlichokuwa nikishona wakati mama'angu anakata roho kwa mbali? Kofia ya mtoto wa pili wa Sheikh Muhanna. Lozi. Mstari mmoja. Nliishona kwa hasira mpaka ikawa ndiyo bora kuliko zote nlizowahi kumshonea, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Ruhusa ilipotoka nlikuwa nshajifunza kutoitarajia. Nikafika Mombasa nimejitayarisha kukuta kaburi. Nikamkuta Mama yuko kitandani, macho wazi, kakasirika. Kasema, "Umekawia mpaka nimechoka kuumwa." Nlicheka nikalia kwa pamoja, na yeye akasema nisimpigie kelele.

Nlikaa naye mpaka mwisho wake, na mwisho ulikuwa mrefu. Mchana nlikuwa nikikaa kando ya kitanda na kazi zangu. Kila siku akiniuliza, "Unashona ya nani?" Ya Bwana Athman, Mama. Ya fulani, Mama. Siku moja nlipochukua sindano kufumua, kasema, "Ukifumua tena mbele yangu ntakufukuza, na mie nimelala hivi hivi." Nikaiweka chini. Sikuifumua siku ile. Nliifumua kesho yake chumba cha pili, Mungu anisamehe, na nadhani alisikia. Uzi ukikatwa una sauti kwa mtu aliyeshona maisha yake yote.

Tukamzika Mombasa. Nikarudi Matrah nna kilo mbili za iliki na sina mama.

Na nlichokikuta hapa ni weye na ukuta.

Hatujawahi kulizungumza vizuri jambo lile, tulilipigia kelele tu. Nlipoingia, Bi Thuwaiba alinipokea mlangoni, hakunipa pole kwanza, alinishika mkono akanipandisha ngazi. Akasema njoo uone alichofanya mwanao. Baba'ako nyuma yetu, anasema si kitu, si kitu. Juu, kwenye ukuta wa chumba cha dari, ulikuwa umechora uso kwa makaa. Mkubwa, kutoka kiunoni kwangu mpaka nisipofika. Mwanamke kainama, kaikunja ile ngozi baina ya nyusi, kabana sindano kwa midomo, kashika kitu mkononi anakivuta.

Bi Thuwaiba anasema mwenye kuchora sura ataambiwa Kiyama aitie roho, na huyu ataitia vipi, na nyumba hii inasaliwa. Mie sikuwa nikimsikia. Nlikuwa nikiangalia mikono. Vidole vilikuwa vyangu, hata hiki cha sugu. Hukuwa na picha yangu, hapakuwa na picha yangu nyumba nzima. Ulikuwa umenitoa kichwani kwako.

Nikakuuliza, "Ndivyo nlivyo?"

Ukasema, "Ndivyo ulivyo ukifumua."

"Mbona hukunichora nikishona?"

Ukafikiri. Hukuwa na ufidhuli, hilo ndilo lililonikata. Ulifikiri kweli kweli, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. Ukasema, "Sikumbuki unavyokuwa ukishona."

Nlikugombeza. Nlisema mengi juu ya adabu na makaa na kuta za watu. Kisha nlishuka. Bi Thuwaiba alitia chokaa kwenye ndoo, akapanda peke yake, akaupaka ukuta wote mwenyewe, kwa mikono yake na umri wake, akianzia usoni. Mie nlikaa chini ngazini nikisikia brashi. Sikumsaidia na sikumzuia. Weye ulikaa kizingitini, ukanitazama mara moja, na mie nikajitia kutafuta uzi.

Siku nyingi sikushika sindano. Baba'ako alidhani ni msiba, na mie nikamwacha adhani. Kisha nikakata bafta mpya. Sikuchora kwa ajili ya mlango wa mtu yeyote. Nlianza na lozi, kwa sababu tukiacha ugomvi, lozi ni nzuri, na mkono wangu ulikuwa umezizoea na kuzipenda bila ya kuniuliza. Baina ya lozi nikapitisha kilua kimoja kimoja, chengine kimefunguka, chengine bado. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, kwa kuwa kila nlipoona hapa hapakukaa sawa, mkono unakwenda kwenye mkasi. Nlikuwa nikiinuka nazunguka dari. Bi Thuwaiba akiniuliza nimepoteza nini.

Sheikh Muhanna akaja kwa ajili ya harusi nyingine, wanaoa sana kwake. Nikamuonesha ile. Akaigeuza, akasema kazi nzuri, Bint Salim, toa haya maua. Nikasema, "Hayatoki."

Kasema zamani ulikuwa ukitoa. Nikasema zamani bafta ilikuwa ikikubali. Akaaga kwa heshima, na mpaka leo hajarudi, na tukikutana na mkewe salamu ni ile ile. Nlidhani dunia itaanguka. Haikuanguka. Nlidhani pia kuwa kesho yake watajaa mlangoni watu walioerevuka, na hilo nalo halikuwa. Kofia ilikaa kwenye kigoda mpaka Idi, ndipo baba'ako, ambaye sijawahi kumuomba jambo likafanyika siku hiyo hiyo, akaichukua bila ya kuniuliza akaivaa kwenda kusali.

Hakuniambia mwenyewe. Nlisikia kwa mke wa jirani, naye kasikia kwa mumewe. Ati baada ya sala mtu alimuuliza, "Hilal, kofia hii ya wapi?" na baba'ako, aliyeogopa kuwa Mzinjibari Maskati kwa miaka mitano, kasema, "Ya nyumbani kwangu." Basi. Hakuongeza. Akaenda kula.

Wachache waliitaka. Wengine walicheka. Wanawake wa Bustan waliikosea kwa namna mpya. Ni kazi kama kazi, Raya, ina siku zake mbovu, lakini tangu wakati ule nikimaliza nnajua nimemaliza.

Kisha milango ikafunguliwa, na mjomba wako akaja kututazama kutoka Kuwait, akapanda dari kupunga upepo, akakuta karatasi zako. Mie nlidhani uliacha. Miaka miwili ulikuwa ukichora kwenye karatasi za kufungia chai, wanawake wa kisimani, muuza samaki, baba'ako kalala mdomo wazi, na unazificha chini ya mkeka ninaokaa mie kushonea. Nlikuwa nimezikalia. Mjomba akasema Kuwait ziko skuli za wasichana, na mwalimu anayefunza kuchora, na nyumba yake ina nafasi. Baba'ako kasema inshallah. Nikasema hapana.

Nlisema hapana mpaka sauti ikakauka. Nlisema sasa ndiyo wakati wa kukaa, hapa patajengwa skuli, hapa patakuwa na kila kitu, mtu hatoki nyumba inapoanza kuezekwa. Nlisema sijakuvusha bahari ili uvuke nyingine. Nlipomaliza ukasema, "Mama, nyinyi mna nyumba mbili za kulalamikia. Mie nna dari."

Nlikaribia kukupiga. Sikukupiga kwa kuwa ulisema kweli, na kwa kuwa uliisema kwa sauti ya Mama.

Kwa hivyo nenda. Sina mawaidha, na hili silo waadhi, ni jambo nnalolijua kwa vidole: huko pia yupo Sheikh Muhanna. Huenda akawa ndiye mwalimu wako mwenyewe, tena mtu mwema. Atakwambia hii ya Kiomani mno. Ukirudi hapa utaambiwa hii ya Kikuwaiti. Atakayekwambia kuwa mstari wako umepinda, msikilize, huyo anaangalia kazi. Atakayekwambia mstari wako wa wapi, mpe kahawa. Ukishindwa kuwapambanua, na utashindwa, mie nlishindwa miaka minne, basi angalau usichukue mkasi siku hiyo hiyo. Zunguka dari kwanza.

Na usiniandikie kuwa hujambo. Niandikie ulichoharibu.

Umerudi. Nimeutia waraka huu chini ya bafta, ukapita ukaniambia nyumba ya mwisho wamekupa tende, na hukuuliza nnafanya nini, kwa sababu mtu aliyeshika bafta hafanyi kitu. Nlikuwa tayari kukwambia ufunge sanduku. Ndipo Bi Thuwaiba akatokea. Kasema, "Raya, panda nami juu. Chukua na makaa yako." Mkapanda, na mlango wa dari nikausikia ukifungwa.

Nlingoja. Alasiri ikaingia, ikapita. Hapana anayeshuka. Nguo sakafuni, mjomba kapewa neno kuwa utakuwa tayari alfajiri, na nyinyi mmejifungia mnafanya nini sijui. Uvumilivu ukanishinda, nikapanda kuja kukushusha kwa sikio.

Kwenye ngazi ya juu kabisa nliikuta barakoa ya Bi Thuwaiba. Imewekwa kwa uangalifu, imekunjwa kamba zake.

Miaka sita nimeishi na mwanamke huyu. Amevaa barakoa mbele yangu akila, akipika, akinigombeza, akinikanda mgongo nlipougua. Sijapata kumuona uso. Kwao wanawake wa rika lake ndivyo walivyo, hata mbele ya wanawake wenziwao. Na weye ulikuwa ndani, nyuma ya mlango, unauangalia.

Nikasimama. Nikamsikia anasema jina la Nasor. Unajua alivyo mzito kulitaja. Mwanawe huyo kaondoka kwenda Kuwait bila ya ruhusa tangu weye hujui kutembea, na walioondoka vile hawakuweza kurudi. Sasa wanaweza. Wenziwe wa mtaa huu washarudi wote, wengine na wake zao. Yeye anatuma salamu na kusema mwaka ujao, bado kijikazi kidogo, mwaka ujao. Bi Thuwaiba alikuwa akikwambia umtafute. Umpe karatasi hiyo yenye uso wa mama'ake, mkononi mwake, si kwa mtu mwengine.

Ukasema, "Shangazi, mwanga unakwisha."

Kasema, "Basi fanya haraka. Lakini hapa mashavuni umenipunguzia."

"Ni kivuli tu, Shangazi."

"Irudishe mikunjo yangu, yote. Nikionekana kijana atasema bado kuna wakati."

Sikugonga. Nimeshuka taratibu, nikishika ukuta, nimekuja kumalizia hapa. Maneno yale ni yake na ya mwanawe. Lakini mie pia, Raya, nna mtoto anayekwenda Kuwait, na mie pia si kijana.

Mama'ako,
Zeyana